Bi Mizani na Mayai ya Wifi

Pale kwenye nyumba ya kuangulia vifaranga hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kuanzia mfagiaji hadi msimamizi, wote walimwita Bi Mizani, naye aliitika kifua mbele, maana jina lile hakupewa kwa kuonewa huruma. Alilipata kwa kazi. Ukimpelekea kifaranga aliyetoka kwenye yai jana, manyoya hayajakauka vizuri, anamgeuza mara moja tu chini ya taa na kukwambia: huyu mtetea, huyu pora. Mtetea, yaani jike, kasha la kulia. Pora, yaani dume, kasha la kushoto. Hapo shauri limekwisha, hakuna rufaa.

Asiyeijua kazi hiyo hudhani jike na dume la kuku hujulikana tangu mwanzo, kama mtoto wa mtu. Thubutu! Kifaranga wa siku moja ni pamba ya manjano yenye miguu. Wote wanalia sauti moja, wote wana sura moja. Siri iko nyuma. Unamshika kwa mkono wa kushoto, unambinya tumbo taratibu mpaka choo kidondokee koponi, kisha unapafunua pale nyuma kwa vidole gumba na kutazama. Pora ana kijiuvimbe kama kichwa cha pini, kinang'aa, na ukikipitishia kidole hakiondoki. Mtetea hana, au anacho kilegevu kinachopotea ukikigusa. Ukibinya kwa nguvu umeua. Ukisitasita, kifaranga anapigwa na baridi. Na mtu anayefuga kuku wa mayai hataki mapora, kwa sababu pora atakula chakula chake miezi na miezi, halafu siku ya kutaga ikifika, anamwikia.

Bi Mizani alikaa meza ya kwanza. Meza ya pili alikaa binti mmoja ambaye wenzake walimwita Vidole, kwa vile vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi kama vya mshonaji wa taraza. Binti huyo alifundishwa na Bi Mizani mwenyewe, tangu namna ya kumshika kifaranga bila kumvunja shingo hadi namna ya kuketi bila kuumwa mgongo. Kwa hiyo akimwita "Mama" hakuwa anajipendekeza. Alikuwa mamake wa kazi.

Sasa, shida ilianzia kwenye taa.

Asubuhi moja Bi Mizani alilalamika kwamba globu yake imefifia. Fundi umeme akaja, akaweka mpya. Baada ya muda mfupi akalalamika tena. Fundi akaweka kubwa zaidi. Aliposema tena kwamba haoni sawasawa, yule fundi akashuka kwenye kiti huku anajipangusa jasho.

"Mama yangu, nikiweka kubwa kuliko hii, vifaranga mtawatoa hapa wamekwisha kuiva. Mtafute chumvi tu."

Chumba kizima kilicheka. Bi Mizani hakucheka. Alikuwa anajua, na hakuna aliyejua zaidi yake, kwamba nyumbani sindano ilikuwa haipitiki uzi tena mpaka aite mtoto wa jirani, na akishatungiwa husema nyuzi za siku hizi zina makapi. Ngazi ya mlangoni alikuwa anaitafuta kwa mguu. Na lile jambo dogo kama kichwa cha pini, ambalo alikuwa analiona hata akiwa na usingizi, lilikuwa limegeuka ukungu mweupe juu ya ukungu wa manjano.

"Mama," Vidole alimwambia siku hiyo walipokuwa wananawa, sauti ya chini wengine wasisikie, "pale karibu na posta wanapima macho. Ni muda mfupi tu."

"Nani mgonjwa wa macho?"

"Sijasema mgonjwa, Mama. Miwani tu."

"Mwanangu, umeona wapi mizani ikavaa miwani?"

Binti akacheka kwa adabu, na maneno yakaishia hapo.

Zamani, wakati Vidole bado hajaanza hata kutambaa, nyumba ile ilikuwa inaangua kuku wa aina nyingine, wale wekundu wadogo. Wale hawakuwa na taabu. Ulikuwa unalitandaza bawa la kifaranga kama kipepeo. Mtetea alikuwa na vinyoya virefu na vifupi vinavyopishana, pora vyote sawa kama vimepitiwa na mkasi. Hata kwa macho ya usingizi ungeona. Kisha wekundu wakaondolewa, wakaletwa hawa wapya wenye miili mikubwa, na kwa hawa bawa halisemi lolote. Jike anaweza kuwa na virefu, dume naye vilevile. Bi Mizani ndiye aliyemfundisha Vidole hivyo, tena kwa ukali: "Ukiwatazama hawa bawa, umerusha shilingi. Afadhali ufumbe macho."

Na Bi Mizani huyohuyo ndiye aliyerudi kwenye bawa.

Hakuanza siku moja. Alianza na kifaranga mmoja aliyemshinda, akasema moyoni, ngoja nione bawa linasemaje. Kisha wawili. Mwishowe ikawa ndiyo kazi. Alikuwa anambinya kifaranga, choo kinadondoka koponi, anainamisha kichwa chini ya taa kama anayetazama, na kumbe kidole chake cha mwisho kimeshalitandaza bawa pembeni, na huko ndiko anakosoma. Mtu wa kupita asingeona kitu. Mikono ilikuwa ileile, na mwendo ulikuwa uleule. Alijiambia kwamba uzoefu una macho yake, kwamba mkono uliofanya kazi muda wote ule hauwezi kukosa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Vidole aliona. Mwanafunzi mzuri huona mkono wa mwalimu wake.

"Mama, mbona bawa?"

"Nani ametazama bawa?"

"Nimeona kama..."

"Wewe ulizaliwa lini?" Bi Mizani alimkata hivyo, mbele ya watu. "Nauliza, ulizaliwa lini, mpaka unisimamie mimi kwenye meza hii?"

Binti aliinama kwenye kasha lake.

Katika siku zilezile ndipo wifi yake alipotaka kufuga. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu, mjane vilevile, aliyekuwa anawafulia watu nguo huko upande wa pili wa mji. Tangu Bi Mizani aolewe walikuwa wanataniana, na Bi Mizani, kusema kweli, alikuwa anamwona wifi yake mtu wa chini kidogo, mtu wa povu na kamba ya nguo. Lakini sabuni ilikuwa imemla mikono. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka mpaka ndani ya nyama. Alitaka kuku wachache wa mayai, ili siku moja aweze kulitupa beseni.

"Mimi mwenyewe nitakuchagulia," Bi Mizani alimwambia. "Kwa mkono wangu huu."

"Basi angalia usije ukanipa wanaume, wifi. Marehemu shemeji yako alinitosha."

"Huyo uliyemchagua mwenyewe! Mimi nakuchagulia wanawake watupu."

"Na wawe na tabia nzuri, wasiwe kama wewe."

Aliwachagua, akawaweka katika kasha lenye matundu, akavaa gauni lake la heshima na kuwapeleka mwenyewe. Pale mlangoni kwa wifi, majirani walipojaa kuchungulia, alisimama katikati yao akasema wazi, kila mtu asikie: "Hawa hawakuchaguliwa na mtu mwingine. Nimewachagua mimi."

Miezi ikapita. Kila alipotaka kwenda kuwaona, wifi alikuwa na sababu. Leo njia ina matope, leo ana nguo nyingi, kesho ana wageni. Lakini ulipofika wakati wa kuku kutaga, wifi alianza kuja mwenyewe kila mwisho wa wiki na kifurushi cha mayai kifuani kama amebeba mtoto mchanga.

"Haya, ya kuku wako hayo. Wanataga mpaka wananitia uvivu."

Hapo Bi Mizani alivimba. Mayai mengine aliyachemsha akayapeleka kazini, akawa anayagawa mezani. "Kuleni. Ya kuku wa wifi yangu, kasha zima halikuwa na pora hata mmoja."

Vidole alilichukua lake, akaligeuzageuza.

"Mama, haya meupe yametoka wapi? Kuku wetu hawa si wanataga ya kahawia tu?"

"Ni chakula," Bi Mizani alijibu. "Kuku hutaga anavyolishwa."

Jambo hilo halipo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba halipo. Lakini alilitamka, akamenya yai lake na kutia chumvi.

Haukupita muda, mfugaji mmoja, mwanamama mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliingia ofisini kwa msimamizi. Alikuwa na tenga, na ndani ya tenga mna majogoo wachanga wenye vilemba vyekundu.

"Nilinunua mitetea! Hawa wanataga wapi? Nionyesheni linapotokea yai hapa!"

Msimamizi aliziita meza zote mbili. Alikuwa mtu mpole asiyependa kelele, na upole huo ndio uliomfanya atafute njia iliyo fupi. Alimtazama Bi Mizani, akamtazama Vidole, na macho yake yakabaki kwa Vidole.

"Makasha haya yanatoka kwenu wawili tu. Nani amefanya hivi?"

Bi Mizani angeweza kusema wakati ule. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wanne tu, na msimamizi alikuwa anamheshimu. Badala yake alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Bwana msimamizi, mimi ushahidi wangu unao tumboni. Umekula mayai ya wifi yangu. Wale niliwachagua kwa mkono huu, na hakuna aliyewika."

Msimamizi alitikisa kichwa kukubali. Kweli alikuwa ameyakula.

Vidole hakulia wala hakujitetea. Alikitazama tu kidole cha mwisho cha mkono wa Bi Mizani, akakitazama kwa muda, mpaka Bi Mizani akaufunga mkono na kuuficha chini ya aproni. Kesho yake binti alihamishiwa kwenye chumba cha nyuma, kwenye kusugua trei za mayai. Meza ya pili ikabaki tupu, na vifaranga wote wakawa wanapita kwa Bi Mizani peke yake, chini ya ile taa kubwa.

Mwisho wa wiki iliyofuata wifi hakuja. Akaleta salamu kwa mtu kwamba mikono imevimba, hawezi kubeba kitu. Bi Mizani hakutuma jibu. Alinunua sukari na dawa ya kupaka, akaenda.

Alikuwa bado hajafika mlangoni alipomsikia. Jogoo. Aliwika kwa sauti nzito, ya mtu mzima.

Wifi alipomwona alishtuka kama aliyefumaniwa.

"Jamani, wifi! Si ungesema unakuja!"

"Mgonjwa anapigiwa hodi, haandikiwi barua. Hebu nione mikono."

Wifi alikuwa amevifunga vidole kwa vitambaa. Beseni bado limejaa nguo za watu, zimelowekwa. Bi Mizani hajafungua hata ile dawa, jogoo akawika tena, karibu kabisa, nyuma ya pazia.

"Redio ya jirani," wifi alisema haraka.

"Jirani ana redio ya kuku?"

"Siku hizi kuna vipindi vya ufugaji, wifi, wewe hujui tu."

Jogoo akawika mara ya tatu, na safari hii wa pili akamwitikia. Bi Mizani alinyanyuka, akavuta pazia. Nyuma yake palikuwa na tenga lililofunikwa blanketi, likabanwa na mto ili sauti isitoke. Alilifunua. Majogoo wawili walimkodolea macho, vilemba vyekundu kama pilipili. Kando ya tenga, juu ya kigoda, palikuwa na trei ya karatasi kutoka dukani, mayai ya kahawia na meupe yamechanganyika.

Akili yake ilitangulia macho yake kuyaelewa yale. Alikaa chini sakafuni.

"Wengine wako wapi?"

"Wengine tumewala. Wengine nimewauza mtaa wa mbali, wasijulikane walikotoka."

"Na majike?"

Wifi alikohoa kidogo. "Walikuwa wawili. Mmoja alikufa. Huyo aliyebaki hutaga akijisikia."

"Na mimi nimekula mayai ya nani miezi yote hii?"

"Ya dukani. Kwani ulikuwa huisikii ladha?" Wifi alijaribu kucheka, akaacha. "Ningesemaje? Ulikuja umevaa gauni lile, ukasimama mlangoni, ukawaambia majirani wote umewachagua wewe. Wa kwanza alipoanza kuwika nilimziba mdomo kwa mkono. Nikasema hawa watu watamcheka. Mimi na wewe tunachekana wenyewe, ndiyo kazi yetu. Lakini mtu wa nje akucheke? Siwezi."

Bi Mizani aliitazama ile mikono iliyofungwa vitambaa. Alielewa mayai yale yalinunuliwa kwa kitu gani. Kila alilomenya mezani kwa majivuno lilitoka kwenye povu, kwenye nyama ya vidole vile. Alitamani sakafu ipasuke ajifiche. Na hapo bado hajasema lililo zito zaidi.

Alilisema akiwa amegeukia ukutani. Namna mayai yale alivyoyafanya ushahidi, na namna binti wa watu alivyopelekwa kusugua trei.

Bi Mizani alingoja utani, maana kwa wifi yule utani haukukosekana hata msibani. Haukuja.

"Majogoo hawana neno," wifi alisema mwishowe. "Majogoo tumewala. Lakini hilo la mtoto wa mtu, wifi, hilo si la kucheka. Mimi nilikuwa najiona nakufichia aibu, kumbe nakupa fimbo ya kumpigia mwenzio."

Bi Mizani alilala hapohapo, na kesho yake asubuhi akaomba jogoo mmoja.

"Unampeleka wapi?"

"Kazini."

"Atawika, huyo."

"Ndiyo maana namchukua."

Alikuwa amejipanga vizuri. Njia nzima alikuwa anayarudia maneno: kwanza angemwomba msimamizi wakae faragha, kisha angeanza na habari ya macho, kisha ya taa, taratibu, kwa heshima yake. Lakini jogoo hakuwa na habari na heshima ya mtu. Mara tu walipovuka kizingiti cha chumba cha kazi, kwenye joto lile na mlio wa vifaranga, alinyoosha shingo nje ya kikapu akawika kwa nguvu zake zote. Watu wakaacha kazi. Fundi umeme, aliyekuwa juu ya kiti, nusura aanguke. Msimamizi akatoka ofisini.

"Bi Mizani, huyo nani?"

Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea. Alikiweka kikapu juu ya meza ya kwanza, chini ya taa.

"Huyu ni mtetea," alisema. "Ndiye mtetea niliyekuapia. Nilimchagua mimi mwenyewe."

Mtu mmoja alianza kucheka, kisha akaona uso wa mama yule, akakatiza. Kicheko kile kingekuwa nafuu. Bi Mizani alisema la macho, akasema la bawa. Alisema kwa sauti inayosikika, maana alijua akinong'ona ataishia katikati.

Kisha akaenda chumba cha nyuma.

Vidole alikuwa ameinama kwenye sinki, maji yamemfika viwikoni. Alikuwa amesikia. Ukuta ule ni mbao.

"Msimamizi anakuita mezani," Bi Mizani alisema.

"Nimesikia."

"Mwanangu, mbona hukusema siku ile? Ulijua."

Binti alifunga bomba. Aligeuka taratibu.

"Nilisema, Mama. Ukaniuliza nilizaliwa lini."

Akajifuta mikono, akapita. Hakumgonga bega wala hakumtazama. Bi Mizani alibaki amesimama, na mbele yake trei zimerundikana mpaka dirishani. Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemzuia. Aliokota brashi, akaanza kusugua.

Huko ndiko alikobaki. Miwani alikwenda kupimwa, na daktari akamwambia jicho moja amelichelewesha, halitibiki tena. Kwa trei, macho yale yalitosha. Watu waliendelea kumwita Bi Mizani, kwa mazoea tu, bila ubaya, na kila walipomwita alihisi kama amevuliwa nguo kidogo. Aliitika hivyohivyo. Hakuwaomba wamtafutie jina jingine. Vidole alimwamkia kila asubuhi, shikamoo kamili, yenye adabu zote, akapita. Ni adabu hiyo ndiyo iliyomchoma.

Mikono ya wifi ilipopona, alikuja mwisho wa wiki mmoja na kifurushi kidogo. Ndani mna mayai mawili tu, madogo, ya kahawia.

"Ya yule mmoja," wifi alisema. "Safari hii ya kweli. Usiulize amechukua muda gani."

Bi Mizani hakuweza kuyala. Asubuhi aliyachemsha, akaenda nayo kazini kabla watu hawajajaa, akayaweka juu ya meza ya kwanza, ambayo sasa ilikuwa ya Vidole, chini ya taa, akarudi kwenye trei zake.

Saa ya mapumziko Vidole aliingia chumba cha nyuma. Alikuwa na yai moja mkononi. Alilitua juu ya ukingo wa sinki, mbali na maji, akaondoka.

La pili hakulirudisha.